Fonti ya kitoto shuleni: kwenye bango sawa, kwenye barua ya ada hapana

Swali: "Nafungua shule ya awali hapa Morogoro mwezi Januari. Kijana wa steshenari ameniandalia bango, vipeperushi, fomu ya kujiunga na barua ya ada, vyote kwa fonti ile ya Comic Sans. Anasema shule za watoto zote ndivyo zinavyofanya. Mdogo wangu anayesoma chuo ameziona, akaniambia niziondoe zote kwa sababu fonti hiyo huchekwa na watu waliosoma. Mimi naipenda, naona ina uchangamfu. Nimsikilize nani? Na kama ni kubadilisha, niweke ipi?"

Jibu:

Mwalimu, hongera sana kwa shule mpya. Kati ya vitu vinne ulivyoandaliwa, bango na vipeperushi vibaki na mtindo wa kitoto, ingawa hata hapo nitakushauri ubadilishe fonti yenyewe. Fomu na barua ya ada ziandikwe upya kwa herufi za kawaida. Mdogo wako ana hoja, ila sababu aliyokupa haitoshi. Anayekuhusu wewe ni mzazi aliyesimama ng'ambo ya barabara akijaribu kusoma bango lako, na mtoto wa miaka mitano anayeanza kuzitambua herufi. Hao ndio wa kuwaandikia.

Nianze na ilikotoka fonti hiyo, kwa sababu kazi iliyobuniwa kuifanya ni ndogo kuliko kazi inayofanyishwa leo. Mwaka 1994, Vincent Connare, mbunifu wa herufi aliyekuwa ameajiriwa na Microsoft, alionyeshwa programu iliyokuwa ikitengenezwa kwa jina la Microsoft Bob, iliyokusudiwa kuwasaidia watu wasioizoea kompyuta. Ndani yake kulikuwa na mbwa wa katuni anayemwelekeza mtumiaji, na maneno yake yalitokea ndani ya kiputo kama kwenye vibonzo. Maneno hayo yalikuwa yamepangwa kwa Times New Roman, fonti iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Connare akaona haviendani kabisa: mbwa wa katuni anazungumza kwa herufi za gazeti. Akachukua vitabu vya vibonzo vya Kimarekani alivyokuwa navyo ofisini, akachunguza jinsi maneno ya kwenye viputo yanavyochorwa kwa kalamu yenye mstari wa unene mmoja, kisha akachora herufi zake kwenye skrini kwa kufuata roho ya ule mwandiko bila kuunakili.

Fonti ilichelewa. Programu ilikuwa imeshapimwa yote kwa Times New Roman, na herufi hizi mpya zilikuwa pana zaidi, hazikuenea. Zikatumika katika programu nyingine ya kutengenezea filamu za watoto, Microsoft 3D Movie Maker, kisha zikaingia kwenye kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, na hatimaye zikawa zinakuja na Windows yenyewe. Kwa njia hiyo zikafika kila ofisi na kila steshenari duniani. Mamilioni ya watu waliokuwa hawajawahi kuchagua fonti maishani wakakuta orodha mbele yao, na hii ndiyo iliyoonekana kama imeandikwa na mkono wa mtu. Wakaipenda, kama ulivyoipenda wewe, na siwalaumu hata kidogo. Wakaiweka kwenye mialiko, kwenye notisi za kazini, kwenye maonyo ya umeme, hata kwenye matangazo ya msiba.

Chuki ilitokana na huko kuzagaa. Dave na Holly Combs, wabunifu wawili wa Indianapolis, waliagizwa mwaka 1999 waitumie katika kazi ya makumbusho ya watoto. Wakakasirika, na baadaye wakaanzisha kampeni ya kutaka ipigwe marufuku. Nionavyo mimi, walikasirikia mahali pasipostahili, maana makumbusho ya watoto ni miongoni mwa mahali ambapo herufi hizo zina haki ya kuwapo. Lakini kampeni yao ilisambaa, na kuicheka fonti hiyo kukawa alama ya ujuzi miongoni mwa wanafunzi wa ubunifu. Mdogo wako ameyakuta hayo chuoni.

Sasa angalia jambo lililotokea CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Tarehe 4 Julai 2012, Fabiola Gianotti aliwasilisha matokeo ya jaribio la ATLAS yaliyoonyesha chembe mpya inayolingana na ile ya Higgs, iliyokuwa imetafutwa kwa miongo kadhaa. Slaidi zake zilikuwa kwa Comic Sans. Sayansi ilikuwa imara na haikupungua chochote, lakini siku hiyo watu wengi mtandaoni walijadili herufi badala ya chembe. Hasara ya fonti isiyo mahali pake ni hiyo: maneno yanabaki kuwa kweli, lakini jicho la msomaji linakwenda kwingine.

Ndiyo maana nakuomba uiondoe kwenye barua ya ada. Barua hiyo ina kiasi cha fedha, tarehe ya mwisho, namba ya akaunti, na pengine sentensi ngumu kuhusu mzazi atakayechelewa kulipa. Mzazi akisoma onyo kama hilo kwa herufi za kibonzo, ama atadhani hamko makini, ama ataona mnamfanyia mzaha kwa jambo linalomuumiza mfukoni. Fomu ya kujiunga nayo inauliza magonjwa ya mtoto, mzio wake, na nani apigiwe simu kukiwa na dharura. Hapo pia mzazi anataka kuona utulivu. Calibri, Arial, Noto Sans, chochote kilicho wazi kinatosha, kwa ukubwa wa pointi 11 au 12.

Kuna sababu nyingine, ya kiufundi. Fonti za aina hii hutengenezwa kwa maneno machache na makubwa: jina, kichwa, neno la kukaribisha. Uzuri wake ni zile kasoro ndogo ndogo: herufi moja imeinama, nyingine imekaa juu kidogo ya mstari, nyingine ina tumbo pana kuliko jirani yake. Kwa maneno matatu kasoro hizo ni uchangamfu. Kwa aya tano ni kero, kwa sababu jicho likisoma mfululizo huruka kutoka kundi moja la herufi hadi jingine na hutegemea mpangilio wa kawaida usiobadilika. Kila herufi inayojitokeza hulishika. Mzazi hatasema "fonti imenichosha". Ataiweka barua pembeni akisema ataimalizia jioni.

Usije ukadhani kwamba Comic Sans ni mbaya kwa kusoma. Kwa upande mmoja ni bora kuliko nyingi, na hapa mdogo wako inafaa asikilize. Jaribu kuandika neno Ilala kwa Arial. I kubwa na l ndogo zitatokea kama vijiti viwili vinavyofanana, na mtoto anayejifunza hana njia ya kujua kipi ni kipi. Kwenye Comic Sans, I kubwa ina vistari juu na chini, haichanganywi. Angalia tena herufi a. Katika Arial na Times New Roman ina kikono kilichokunjwa juu, wakati mtoto wako darasani unamfundisha duara na mguu. Comic Sans inaiandika kama wewe unavyoiandika ubaoni. Chama cha Disleksia (shida ya kusoma na kutambua maneno) cha Uingereza huitaja Comic Sans pamoja na Arial kati ya fonti inazoshauri kwa wasomaji wenye shida hiyo, kwa kuwa herufi zake hazionekani kusongamana. Suala la nafasi lina uzito kweli. Mwaka 2012, watafiti walioongozwa na Marco Zorzi wa Chuo Kikuu cha Padova walionyesha kuwa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia walisoma haraka zaidi na kwa makosa machache pale nafasi kati ya herufi ilipoongezwa. Kwa hiyo hata ukiwa na fonti ya kawaida kabisa, kwenye kadi za kusomea tanua nafasi kidogo. Ni kazi ya kubofya mara mbili.

Kwa vitu vya darasani, yaani kadi za silabi, majina ya watoto kwenye madawati, chati ya a e i o u, kuna fonti naipendekeza kwa moyo wote. Inaitwa Andika, na jina lake limechukuliwa katika lugha yetu hii. Imetengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha, mahsusi kwa wanaoanza kusoma: a na g zake ni zile zinazofundishwa mkononi, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zimetenganishwa kwa makusudi. Ni ya bure. Haina mbwembwe, wala haihitaji kuwa nazo, kwa sababu mtoto anayehangaika kutofautisha b na d hajali mapambo.

Turudi kwenye bango, ambako mbwembwe zinaruhusiwa. Hapa watu wengi hukosea kwa kuchagua fonti kwa kuangalia mfano uliowekwa na aliyeitengeneza. Mfano huo karibu siku zote ni wa Kiingereza, umepangwa kwa maneno yanayoipendeza fonti hiyo. Kiswahili kinaijaribu fonti kwa namna yake. Andika DARASA LA AWALI. Ni herufi 13, na A ni 6 kati yake. Fonti nyingi zinazojidai kuwa mwandiko wa mkono zina A moja tu, iliyochorwa mara moja na kurudiwa. Zikikaa sita kwenye mstari mmoja, zote zimeinama kwa pembe ileile na zina kovu lilelile mguuni, udanganyifu unaonekana hata na mtu asiyejua lolote kuhusu herufi. Atahisi tu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mbaya zaidi ni pale vokali zinapofuatana, kama kwenye taarifa, saa, kuu, maandazi. Herufi pacha zilizosimama bega kwa bega huua kabisa ile hali ya kuchorwa.

Watengenezaji wazuri hulijua hilo. Hutia ndani ya fonti maumbo mawili au matatu ya kila herufi, na programu ya kupangia maandishi huyabadilisha yenyewe, ili a ya pili isifanane na ya kwanza. Ukikuta fonti ya mkono yenye sifa hiyo, ishike. Ukikosa, mwombe kijana wa steshenari ageuze maneno kuwa michoro kwenye programu yake, kisha azungushe kila A kidogo kwa mkono, nyingine aipandishe, nyingine aipunguze. Kwa jina la shule lenye maneno mawili au matatu, haimchukui muda mrefu.

Kipimo cha pili ni mwanzo wa maneno yetu. Watoto, Wazazi, Walimu, Yatima, Tanzania: W, Y na T kubwa zikifuatwa na a ndogo tunazikuta kila mahali. Herufi hizo zina uwazi mkubwa upande wa kulia chini, na mtengenezaji makini huisogeza a iingie kidogo kwenye uwazi huo. Asiyekuwa makini huiacha, na bango lako linasomeka W atoto. Fonti nyingi za bure zina ugonjwa huu. Halafu jaribu ng'. Andika ng'ombe na uangalie kile kialama cha juu. Kwenye fonti zilizotengenezwa kwa pupa hakipo kabisa, na kompyuta inaazima cha fonti nyingine, au kinakuja na pengo kubwa linalolikata neno vipande viwili. Shule ya awali bila ng'ombe ukutani sijaiona bado.

Sasa majina. Kama unaipenda Comic Sans yenyewe, tazama kwanza Comic Neue, iliyotolewa mwaka 2014 na mbunifu Craig Rozynski. Aliichukua roho yake na kunyoosha yaliyokuwa yamepinda vibaya. Ina toleo la herufi nene linaloonekana vizuri kwa mbali. Fredoka haijafanana sana na mwandiko, lakini ni nene, ya mviringo, na kwenye bango inashinda nyingi. Patrick Hand ni mwandiko wa kalamu, mzuri kwa kipeperushi na kadi ya siku ya kuzaliwa. Amatic SC inapendwa mno kwenye kadi za harusi na za kitchen pati, lakini mistari yake ni myembamba. Ukiiweka barabarani itapotea.

Zote hizo nne zinatolewa kwa leseni ya wazi ya SIL, inayokuruhusu kuchapisha bango, fulana, vikombe na daftari za kuuza bila kumlipa mtu. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu fonti nyingi zinazosambazwa bure zimeandikwa "kwa matumizi binafsi tu". Shule inayotoza ada ni biashara. Fonti ni kazi ya mtu aliyekaa akachora mamia ya herufi, na ana haki ya kulipwa akitaka. Kabla ya kupakua, soma mstari wa leseni. Kwa kawaida ni mfupi.

Jambo jingine la steshenari, maana hapa wengi huumia. Ukipanga kipeperushi nyumbani kwa fonti uliyoipakua, kisha ukapeleka faili la Word kwenye flashi, kompyuta ya kule isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine kimyakimya. Maneno yatahama mistari, jina litakatika, na kama hujakagua kabla ya nakala kutoka, hasara ni yako. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, na kwa bango kubwa omba herufi zigeuzwe kuwa michoro kabisa.

Ukubwa. Wachora mabango wengi hukadiria kimo cha herufi cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa kusomea kwa raha. Kama wazazi watalisoma bango kutoka mita 30, jina la shule liwe na herufi za kimo cha sentimita 25 hivi. Pima umbali wenyewe kwa hatua kabla ya kuagiza. Usiandike njano juu ya nyeupe. Na tafadhali usipange kila neno kwa rangi yake na fonti yake. Herufi ya kitoto ina kelele za kutosha ikiwa peke yake, ikipewa wenzake watatu kila mmoja anapiga kelele na hakuna anayesikika. Fonti moja ya mbwembwe kwa jina, moja tulivu kwa mengine yote.

Naomba pia ufikirie kanga. Maneno yake yanaweza kuwa ya utani mkali, ya mapenzi, ya kumpasha jirani, na bado huandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, bila madoido. Utani umo katika maneno, na herufi zinayabeba bila kuyaingilia. Kwa hiyo pale unapotaka uchangamfu kwenye barua kwa wazazi, uandike. Sentensi moja ya joto kuhusu wiki ya kwanza ya watoto itafanya kazi ambayo hakuna fonti itakayoifanya, na barua itabaki na heshima yake.

La mwisho ni pendekezo linalonigusa kuliko yote. Morogoro kuna mafundi wanaochora mabango ya vinyozi, maduka na baa kwa brashi. Kabla hujalipia fonti yoyote au turubai la kuchapisha, mwite mmoja akuchoree jina la shule ukutani. Mkono wake hautatoa a mbili zinazofanana hata ukimlazimisha, na W yake ataisogeza karibu na a kwa sababu macho yake yanamwambia. Mchoro ukishakauka, upigwe picha ya moja kwa moja kwa mbele, mchana usio na jua kali, kisha kijana wa steshenari aufuatilie mistari yake kwenye kompyuta. Utakuwa na nembo yako mwenyewe ya kuweka kwenye vipeperushi, sweta na daftari, ambayo hakuna shule nyingine inayo. Mkubaliane na fundi kwa maandishi kwamba utaitumia hivyo, na bei izingatie hilo. Kwa mbwembwe achore jina tu. Anwani, saa za kufungua na namba ya simu aziandike kwa herufi nyoofu, kwa sababu mzazi atakayezinakili akiwa dirishani mwa daladala hana muda wa kujiuliza kama ile ni 1 au 7.